Kilo Ishirini na Vitu Vyako Mwenyewe

Kuna swali moja ninalolitumia siku hizi kupimia kitabu chochote cha uwindaji au cha safari ndefu: nani amebeba? Si swali la kinadharia, na sidhani kama litanipatia alama kwenye tasnifu yangu. Lakini linafanya kazi. Ukiliuliza, vitabu vingine hujibu kabla hujafika ukurasa wa kumi, vingine huanza kutazama pembeni kama mtu uliyemkopesha.

Nililipata kwa njia ya kawaida kabisa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata nafasi ya upagazi Kilimanjaro kuanzia Januari. Mama mdogo alinipigia simu kutoka Muleba. "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma. Mtafutie mdogo wako begi. Na hiyo baridi, uiulizie vizuri." Kwa mama mdogo, kusoma shahada ya uzamili ya fasihi na kujua mambo ya mabegi ni kazi ya idara moja. Nilikubali. Wiki hiyo mchana nilisoma vitabu vya safari kwa ajili ya tasnifu, na usiku nikasoma maelezo ya mabegi makubwa yanayoandikwa kwa ajili ya wawindaji wa Alaska na Montana, kwa sababu hakuna watu wanaoandika kwa kirefu zaidi kuhusu begi kubwa na baridi kali kuliko hao.

Niseme wazi: nilianza kuyaheshimu maandishi hayo. Hayana majivuno ya lugha. Yanajua kwamba mtu anayekaa porini siku kumi wakati wa theluji anahitaji lita themanini, wakati mwingine mia na zaidi, si kwa sababu ana vitu vingi bali kwa sababu vitu vya joto vinajaa: begi la kulalia, koti la manyoya, soksi za akiba. Yanajua kwamba urefu wa mgongo unapimwa kutoka kwenye kifundo kinachojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, na kwamba begi likikosea kipimo hicho, hakuna mkanda utakaoliokoa. Yanajua kwamba mzigo mzito haubebwi na mabega. Unabebwa na nyonga, na mabega kazi yake ni kuuzuia usiyumbe. Bibi zetu wa Kamachumu wanaopandisha mikungu ya ndizi kichwani wangewaambia kwamba kuna njia ya tatu, lakini tuyaache hayo.

Kilichonivutia zaidi ni hiki. Begi la mwindaji halichaguliwi kwa safari ya kwenda. Linachaguliwa kwa safari ya kurudi. Anakwenda na chakula, na chakula kinapungua. Akifanikiwa, anarudi na nyama. Kwa hiyo mengine yametengenezwa ili begi liachane na fremu yake, nyama iwekwe katikati, karibu na mgongo, kisha vyote vifungwe tena. Sijaona riwaya nyingi zenye muundo unaokumbuka kurudi kwa kiasi hicho.

Nyumbani uwindaji wa aina hiyo haukuwepo. Babu alisimulia kuhusu nyavu, mikuki, na mbwa waliofungwa njuga shingoni. Watu wa kijiji waliondoka asubuhi na jioni wakawa wamerudi, mnyama akining'inia kwenye mti mabegani mwa wawili. Hakuna aliyehitaji shanta. Siku hizi hata hiyo haipo: mapori yaliyokuwa upande wa Burigi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019, na mtu wa Muleba akionekana huko na mkuki haitwi mwindaji, anaitwa jangili.

Sasa vitabu. John Hanning Speke alifika Karagwe, magharibi ya kwetu hapa, mwishoni mwa 1861, akakaa kwa mfalme Rumanyika, akawinda vifaru, na mwaka 1863 akachapisha shajara yake. Ni mtu wa vipimo. Alichukua utepe akampima mwanamke wa nyumba ya kifalme, mkono, kifua, paja, na namba zote akaziweka kitabuni, jambo ambalo kila ninapolisoma nafunga kitabu kwa dakika chache. Lakini wapagazi kwake si watu wa kupimwa. Ni watu wa kutoroka. Wanatoroka Ugogo, wanatoroka Unyamwezi, wanatoroka na mizigo au bila mizigo, na kila mara Speke anashangaa upya juu ya tabia yao.

Mzigo wa kawaida wa msafara wa enzi hizo ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kwa miezi, kwa posho isiyo na uhakika. Nikikisoma kitabu cha Speke nikiwa na namba hiyo kichwani, kila utoroko unabadilika. Unaacha kuwa kero ya mwandishi na unakuwa uhakiki, uhakiki pekee ambao msomaji wa kwanza wa safari hiyo, yule aliyeibeba, aliruhusiwa kuutoa. Aliweka mzigo chini akaondoka. Wapo wahakiki wanaoandika kurasa arobaini bila kufikia ufupi huo.

Stanley, kwa kushangaza, anapata alama zaidi kwenye swali langu, na simpi kwa furaha. Alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874 alikuwa na boti, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebwe na watu hadi ziwani. Boti haifichiki. Huwezi kuandika kwamba ilifika. Inakulazimisha uandike njia ilivyokuwa nyembamba, vipande vilivyokuwa vizito, nani alichaguliwa kuvibeba. Katika kurasa hizo watu wana migongo. Kisha boti inawekwa majini, na kuanzia hapo migongo inapotea: ni boti ya Stanley, Stanley anasafiri, Stanley anafika Bumbire Aprili 1875, Stanley anagombana na wenyeji, Stanley anarudi Agosti na bunduki nyingi kulipiza. Bumbire iko wilayani Muleba. Kwetu si jina la kwenye kitabu. Ni mahali dagaa wanapotoka. Nilisoma sura ile nikitafuta neno moja tu kuhusu wale waliobeba vipande vya boti, walionaje kile kilichofanywa na mzigo wao. Halipo.

Ernest Hemingway ndiye anayependwa na wanafunzi wenzangu, na hapa ndipo tulipogombana kwenye semina. Green Hills of Africa, 1935, ni kitabu cha uwindaji wake Tanganyika mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, na mwandishi anatangaza mwanzoni kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, aone kama kinaweza kushindana na kazi ya kubuni. Kwa jarida kama hili, huyo ni babu yetu, tupende tusipende. Na sentensi zake za kutembea milimani ni nzuri. Unasikia nyasi, unasikia jasho likikauka.

Lakini kwa nini ni nyepesi hivyo? Wenzangu walisema ni mtindo: amepunguza maneno. Mimi nikasema ni kwa sababu amepunguza mzigo. Bunduki iko mikononi mwa M'Cola. Vitu vingine viko kwenye gari au kwa watu ambao hawakupewa majina, au wamepewa majina ya utani: mmoja anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa jukwaani wa Uingereza, kwa sababu mwandishi anaona anajionyesha mno. Mtu asiye na kitu mgongoni anaweza kuandika kwa wepesi. Simlaumu kwa kuwa na wasaidizi. Kila mwindaji tajiri wa wakati ule alikuwa nao. Namlaumu kwa kuahidi ukweli mtupu kisha kuacha uzito nje ya ukweli huo. M'Cola ameandikwa kwa upendo, hilo nakubali, tena ni mmoja wa watu wanaokumbukwa zaidi katika kitabu. Tunajua anavyocheka. Hatujui bega gani linamuuma.

Yule mwindaji wa Montana anayeandika kuhusu mkanda wa nyonga, asiyejua hata kuweka koma, yuko mbele ya Hemingway kwa hatua moja: anabeba mwenyewe, na anaandika kama mtu anayebeba mwenyewe. Anahesabu hadi gramu za kijiko.

Jumamosi moja nilishuka Bukoba mjini, sokoni, kwenye mabegi ya mitumba. Yanakuja kwenye bero pamoja na ya shule na ya kompyuta, na mara chache, katikati, linatoka moja la ajabu. Kijana aliyekuwa akiuza aliniona nikipima mikanda kwa viganja.

"Dada, hilo ni la mlimani kabisa. Mzungu huyo hakulala njaa."

Lilikuwa kama nilivyosoma: lita themanini na tano kwenye lebo, fremu ya aluminiamu, mkanda wa kiunoni mpana kama wa mnyanyua vyuma, jina la mwenyewe limefutwa kwa kalamu nyeusi. Ndani, upande wa mgongoni, doa la kahawia.

"Na hili?"

"Kahawa, dada. Si uko Bukoba?"

Alitaka elfu themanini. Tukafika elfu hamsini na tano, nikasimama nalo mgongoni pale sokoni, na lilikaa vizuri sana, nyonga zikapokea, mabega yakapumua. Kisha nikaomba mizani kwa muuza maharage wa jirani. Begi tupu: kilo tatu na robo.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo: kilo ishirini za mgeni na za kampuni, mbali na vitu vyake mwenyewe, na unapimwa getini. Mzigo ule wa kilo ishirini haukai kwenye begi lake zuri. Unakuja kwenye mfuko wa mgeni au kwenye kiroba cha jiko na hema, unakwenda kichwani au begani. Mgongoni mwa mpagazi kunabaki vitu vyake tu, na vyake vinatakiwa viwe vichache, kilo tano hivi. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, maji yanaganda usiku, na begi tupu lingekula kilo tatu kati ya tano. Lingemfanya mdogo wangu aonekane amejiandaa vizuri kuliko wote huku koti likiwa limebaki Moshi. Begi lile lilitengenezwa kwa mtu anayebeba vyake na kurudi na vyake. Nikamrudishia muuzaji. Nikachukua dogo la lita thelathini na tano, lisilofika kilo moja, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye viatu na koti.

Nilipokuwa nikifunga vitu pamoja na mama mdogo Muleba, nilikuwa pia namalizia sura ya Safari za Wasuaheli, mkusanyiko aliouchapisha Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Mle ndani yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili. Mara nyingi anasomwa kama kioja: Mwafrika kwenye theluji, tazama anavyoshangaa. Nadhani tunamsoma kinyume. Salim ndiye mtumishi aliyeshika kalamu. Yule ambaye kwa Hemingway angekuwa jina la utani, hapa ndiye anayetazama miji, anayehesabu siku, anayeamua lipi linastahili kuandikwa. Hajipigii kelele juu ya kazi aliyokuwa akifanya, na ukimya huo si sawa na ule wa Hemingway. Mmoja ananyamaza kuhusu mzigo wa mwingine. Mwingine ananyamaza kuhusu wake, na anatumia nafasi hiyo kuandika dunia.

Watafiti wameonyesha jinsi Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, inavyozungumza na maandishi haya ya akina Salim, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwenye swali langu hiyo ndiyo riwaya iliyofaulu zaidi. Msafara wa Aziz una mnyapara, una wapagazi wanaougua, wanaogopa, wanaonung'unika, na mafanikio au hasara ya tajiri yanapita kwanza kwenye miili yao. Kuna mahali Gurnah anakawia mno kwenye bustani kwa ladha yangu. Lakini njiani hapotezi mtu.

Nilimpa mdogo wangu nakala yangu aondoke nayo kwenye basi. Mama mdogo aliitoa mara mbili kwenye begi, kwa sababu ya uzito, akaweka senene waliokaangwa, na mara mbili mdogo wangu akairudisha. Baada ya siku nne alinitumia ujumbe kutoka Moshi. Alikuwa amefika kwenye safari ya bara. Aliuliza: dada, hawa kwenye hivyo vitabu vyako vingine, walikuwa wanakula nini jioni?

Nimerudi kwa Hemingway na hilo. Bia na wiski nimezipata, na kulungu wa kuchoma kwa wageni. Kwa M'Cola bado natafuta.