Mizani ya Babu na Mizani ya Aruzi

Hapa Matrah tulioneshwa na jamaa mmoja karatasi kongwe: shairi la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, alilotunga babu yao kabla familia haijaondoka Unguja. Pembeni mwa beti ilikuwa imepita kalamu ya risasi ya mjukuu. Hapa kaongeza neno, pale kafuta. Kijana huyo kasoma aruzi ya Kiarabu, akaona mishororo ya babu imevunjika, akaitengeneza. Nia yake njema, ila shairi lilikuwa zima mpaka alipolitia mkono.

Kosa hili si geni majumbani mwetu, na chanzo chake ni istilahi. Washairi wa pwani walichukua majina kwa Waarabu, lakini kila jina wakalipa kazi nyengine. Kwa Mwarabu, shi'r ni ushairi wote. Kwetu, shairi hasa ni tungo ya aina moja, ubeti wa mishororo 4, kila mshororo mizani 16 iliyogawika 8 kwa 8. Bayt ya Kiarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Ubeti wetu ni kifungu kizima. Bahari kwao ni mwendo wa sauti ndefu na fupi. Kwetu ni aina ya tungo, kama vile utenzi au wimbo. Hata kasida, ambayo kwao ni shairi refu la jambo lolote, kwetu masikio yanangojea dufu na kumsifu Mtume.

Mizani ndiyo iliyomponza mjukuu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye Waomani tunajivunia kuwa asili yake ni huku, alipanga katika karne ya 8 bahari 15, na al-Akhfash akaongeza ya 16. Elimu hiyo hupima urefu na ufupi wa silabi. Kiswahili hakipimi urefu, kinahesabu idadi tu. Tuchukue mshororo tulioutunga hapa kwa mfano:

Mtu huja na mzigo, mgeni huja na siri.

Hesabu: m-tu-hu-ja-na-m-zi-go, 8, m-ge-ni-hu-ja-na-si-ri, 8. Kila "m" hapa ni silabi kamili. Lakini Kiarabu hakianzi neno kwa herufi yenye sukuni, na sikio lililolelewa humo huimeza mim ya "mtu", kisha huifunga ya "mzigo" na silabi iliyotangulia, ikawa "nam-zigo". Atapata 6, na upande wa pili 7, kisha atafute neno la kujazia pengo ambalo halipo.

Hati nayo ina mitego yake. Waandishi wa zamani walitumia kasra kwa "i" na "e", na dhamma kwa "u" na "o". Na mara nyingi nuni ya "ndugu" haikuandikwa kabisa. Hapo ndipo vina vinapotufaa: neno likiwa mahali pa kina, wenzake katika ubeti hutujuulisha kama ni "o" au "u".

Kwa mwanahistoria, basi, mizani na vina si mapambo. Ni walinzi wa maandishi. Mshororo ukipungua kwa hesabu yake wenyewe, tunajua mnakili kaangusha kitu, na tunajua ni silabi ngapi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga zama za ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, na tungo zake ni ushahidi wa zama zile. Watunzi wengi wa tenzi walitia jina lao na tarehe katika beti za mwisho. Anayejaza neno hapo huenda akaufuta mwaka.

Sheikh Amri Abedi alitufaa sana mwaka 1954 alipoziweka kitabuni sheria za kutunga. Lakini wako wasomaji waliozichukua sheria za shairi wakazifanya kipimo cha kila tungo, wakaulaumu utenzi kwa mizani zake 8 na wimbo kwa mishororo yake 3. Hiyo pia ni mizani ya mwengine.

Wala hatusemi Kiarabu kiwekwe kando. Asiyekijua hatoifahamu takhmisa, ambapo mtunzi huongeza mishororo 3 juu ya miwili ya mwenziwe. Tunasema kila tungo ipimwe kwa kipimo iliyotungiwa.

Kwa hivyo, ndugu zetu wenye masanduku ya wazee: pigeni picha karatasi kabla ya kuigusa, someni kwa sauti mbele ya bibi anayekumbuka lafudhi ya kwao, hesabuni kwa vidole, na masahihisho yenu yaandikeni karatasi nyengine. Kalamu ya risasi ya mjukuu yule imefutika, alhamdulillah. Neno alilolikwangua kwa wembe katika ubeti wa mwisho halikurudi, na hapo ndipo palipokuwa na jina la mji.