Heshima ya Kuifungua Mashine

Nguo huchafuka kwa namna mbili katika wilaya hizi jirani za mkoa wa Mara. Kwenye nyanda za juu za Tarime, masika huleta matope na mawingu ya siku nyingi, nguo zikabaki kambani bila kukauka. Ukiteremka kuelekea Mugumu, Serengeti, kiangazi huleta vumbi linaloingia hadi kwenye mishono. Kote kuwili anayeinama juu ya beseni, mara nyingi mama au binti, hutoa asubuhi yake nzima. Kwa hiyo mtu anayeirudisha kazini mashine kuukuu ya kufulia, ile inayofunguliwa mfuniko kwa juu, anastahili sifa zaidi ya tunazompa.

Mashine ya aina hii inafaa kwetu kwa sababu haina makuu. Kutoka chini ya pipa hupanda kibomba chembamba cha hewa hadi kwenye swichi. Maji yakipanda, hewa iliyofungiwa ndani husukuma swichi hiyo, na ufuaji huanza. Swichi haijui kama maji yametoka bombani, kisimani au kwenye tangi la mvua, hivyo familia isiyo na bomba hujaza kwa ndoo na kazi ikaendelea. Anayetaka ijijaze yenyewe ainue tangi lake: kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa bar 1 hivi.

Ndani ya nyingi kati ya hizi za zamani, nguvu hupita njia ambayo jicho linaweza kuifuata: mota, mkanda, giaboksi, kisha kikorogeo chenye mapezi kinachozigeuza nguo. Hapo ndipo ulipo uzuri wa ufundi huu. Mota ikivuma bila kuzunguka, kapasita hushukiwa kwanza. Harufu ya mpira ulioungua humpeleka fundi kwenye mkanda unaoteleza. Maji yakigoma kutoka, huenda pampu imemeza kifungo au sarafu. Na mashine ikifua vizuri lakini ikakataa kukamua, swichi ya mfuniko ndiyo ya kupimwa. Fundi wa kweli hanunui kipuri kwa kubahatisha. Hupima, akapata jibu, ndipo akafungua mkoba. Huchomoa waya ukutani kabla ya yote, na hata hapo haiamini kapasita, kwa kuwa hubaki na umeme ndani. Huutoa kupitia rezista kabla ya kuigusa.

Husoma pia kibandiko cha nyuma kabla ya kuwasha mashine ya mtumba. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine ya Japani imeundwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma hushusha volti, lakini hezi haizibadilishi: mota ya hezi 60 huku kwetu huzunguka polepole zaidi na huweza kupata joto kupita kiasi. Dakika moja ya kusoma kibandiko huokoa mota nzima.

Kazi ngumu kuliko zote iko chini ya pipa. Sili ya mpira ikichakaa, maji hupenya na kuosha grisi ya beringi. Beringi ikashika kutu, ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, na mwishowe ikala shafti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini beringi nyingi zina namba, na namba hiyo ina maana ileile duniani kote: 6204 ni tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14, iwe imetoka kwenye mashine ya kufulia au pampu ya maji. Kwa hiyo kipuri ambacho duka la vifaa vya nyumbani halina, huweza kupatikana kwa muuza vipuri vya pampu na mashine za kusaga. Anayejua namba hakwami kwa jina la kampuni iliyoacha kutengeneza mashine hiyo.

Ninaupenda ufundi huu kwa sababu haudanganyiki. Maneno matamu hayazungushi mota, na cheo hakizuii sili kuvuja. Kila fundi, awe mwenye cheti au aliyejifunzia kwenye kibanda, hupewa mtihani uleule. Basi anayemaliza kazi aandike ndani ya bamba la nyuma tarehe, namba ya beringi na kipimo cha mkanda, ili atakayeifungua baadaye aanzie pale alipofika mwenzake. Na vijana wa kike na wa kiume wanaotazama wapewe bisibisi mapema. Mwenye uwezo wa kutengeneza anachokimiliki ana uhuru ambao fedha peke yake haiununui, na uhuru huo hufundishika.