Dawa ya Deni ni Kulipa, Kweli?

Tumelelewa na methali kwamba dawa ya deni ni kulipa. David Graeber, katika Debt: The First 5,000 Years (2011), anaitilia shaka imani hiyo. Anaonyesha kuwa watu walikopeshana kabla sarafu hazijakuwepo, na kwamba wafalme wa Mesopotamia walifuta madeni ili familia za wakulima zisibaki utumwani. Nimekisoma huku simu ikinikumbusha mkopo wangu kila asubuhi, nikamtamani mfalme wa aina hiyo. Ila swali moja limenikaa kooni: mama wa duka la mtaani kwetu, mwenye daftari la madeni, tukisamehewa sote, unga wa kesho ataununua na nini? Benki itavumilia. Yeye je? Kisome, lakini kwanza kamlipe.