Tusome Kwanza, Tuformate Nyuma

Leo nataka kufanya kritiki ya andiko moja fupi sana. Si kitabu, si wimbo. Ni mistari mitatu ya Kiingereza yenye kutokea kwenye ekra nyeusi ya laptopu. Wa kwanza unasema kifaa cha kuwashia hakikuonekana. Wa pili unaomba uweke mfumo kwenye diski. Wa tatu ni kodi ya namba na herufi. Wengi wetu hapa Kabambare tumekwisha kuuona ujumbe huo, na wengi tumeutii bila kuuliza.

Mimi nasema ni andiko baya. Mstari wa kwanza unaeleza kilichotokea, lakini wa pili unarukia dawa, sawa na munganga anayeandika ordonansi mbele ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nusura dawa hiyo ituue.

Mdogo wangu alikuwa na kazi yake ya mwisho wa masomo ndani ya laptopu ya okazyo. Ndani yake mulikuwa majibu ya wamama wauza mpunga, aliowafuata kijiji kwa kijiji juu ya pikipiki. Flashi ya kopi ilikuwa imepotea. Mashini ikaanza kuchelewa, tukaipeleka kwa fundi mmoja, akaweka Windows upya. Pale kwake iliwaka vizuri, tukalipa. Kufika nyumbani, kuichomeka: ekra nyeusi, mistari mitatu.

Tukarudi. Fundi akaangalia kwa jicho moja tu: "Mukubwa, mfumo haukushika. Tuformate tena, mara hii diski nzima." Mdogo wangu akanishika mkono: "Yaya, na kazi yangu?"

Nilikataa. Si kwa ujuzi, ni kwa woga. Tukarudi na mashini nyumbani, nikaamua kusoma kila kitu inachoonyesha, hata kama inanichosha.

Wakati wa kuwasha nikabonyeza F10 (kwenye mashini zingine ni F2), nikaingia kwenye BIOS. Nikaona mambo mawili. Diski ilikuwa imeandikwa pale, jina na ukubwa wake: basi haikufa. Na tarehe ilisema 1 Januari 2012. Tarehe hiyo ndiyo ilinifungua macho.

Ndani ya laptopu muko betri ndogo ya mviringo, kwa nyingi ni CR2032. Kazi yake ni kushikilia saa wakati hakuna umeme, na kwa mashini nyingi za zamani inashikilia pia mipangilio ya BIOS. Ya kwetu ilikuwa imekufa, na betri kubwa vilevile. Fundi alikuwa ameweka Windows kwa njia ya zamani, Legacy, kwenye diski iliyopangwa kwa MBR. Kwake umeme haukukatika, basi mipangilio ilibaki. Sisi tulipochomoa waya, mashini ikasahau yote, ikarudi kwenye njia mpya, UEFI. Njia hiyo inatafuta faili za kuwashia kwenye kisehemu maalum cha diski, na kwetu kisehemu hicho hakikuwepo. Ikatafuta, ikakosa, ikatuambia tuweke mfumo. Na mfumo uko pale pale!

Nikarudisha Legacy, nikahifadhi. Windows ikawaka. Kisha nikafungua diski C nikakuta folda inayoitwa Windows.old. Mara ya kwanza fundi hakuformata, aliweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani, na Windows ikasogeza vitu vya zamani humo. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa ndani, nzima. Formatage ya pili ndiyo ingeizika. Tulikopi siku ileile, kwa sababu folda hiyo haikai milele, Windows inaifuta yenyewe baada ya siku kadhaa.

Simsemi fundi vibaya. Mara zingine kuformata ni lazima, na sisi wateja tunalipa "formatage", hatulipi kutafuta ugonjwa. Mtu akikaa saa mbili anachunguza, tunasema hajui kazi. Kosa ni letu pia, sisi wenye diploma. Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare na misafara ya karne ya 19, tunakiandika na kukisoma kila siku, lakini ekra ikisema kwa Kiingereza tunaichukua kama picha. Hata kuandika maneno yake kwenye karatasi tumuulize mwenye kujua, hatufanyi.

Basi mbele ya kukubali formatage, tuulize. Je, BIOS inaona diski? Kama haiioni, angalia diski na waya wake, usiweke mfumo bure. Tarehe ni ya leo? Kama si ya leo, shuku betri ndogo. Njia ni Legacy au UEFI, na mfumo uliwekwa kwa ipi? Na la kwanza kuliko yote: vitu vyangu viko na kopi wapi? Flashi yenye Linux inaweza kuwasha mashini bila kugusa diski, ukatoa vitu vyako kwanza.

Mdogo wangu amekwisha kudefanda. Betri mpya tumeweka. Na kazi yake sasa iko na kopi tatu, moja kwangu, moja kwake, moja kwa mama, ndani ya sanduku la vitenge.