Asilimia ya Nini? Ila ya Lugha katika Mafumbo ya Hesabu

Mafumbo ya hesabu yahusuyo asilimia na michanganyiko husemwa kuwa ni magumu, na mwanafunzi ayashindwaye huambiwa kwamba hajui hesabu. Lawama hiyo yafaa ichunguzwe, kwani mara nyingi kosa limo katika sentensi.

Na litazamwe fumbo la namna hii: Mtu ana lita 20 za maziwa yenye asilimia 10 ya maji. Aongeze maji kiasi gani ili yawe asilimia 20?

Kiunganishi -a hufanya kazi mbili. Katika «asilimia 10 ya wanafunzi» hutaja kitu kizima kigawanywacho. Katika «asilimia 10 ya maji» hutaja kilichomo, kama katika «kikombe cha chai». Kitu kizima, yaani mchanganyiko, hakikutajwa. Wala «yawe» haisaidii, kwa kuwa maziwa na maji ni ya ngeli moja. Basi mwanafunzi hutoa 10 katika 20, akaongeza asilimia 10 ya lita 20, ndizo lita 2. Matokeo yake ni lita 4 za maji katika lita 22, yaani asilimia 18 na kidogo. Hakuona kwamba kila tone liongezwalo huongeza mchanganyiko pia.

Aljebra hulifumbua fumbo kwa kushika kisichobadilika. Maziwa halisi ni lita 18, nayo mwishowe yatakuwa asilimia 80 ya mchanganyiko. Maji ya kuongezwa yakiitwa m, basi 18 = 0.8(20 + m), na m ni lita 2.5.

Lakini herufi haiponyi sentensi yenye ila. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karibu mwaka 820 ndicho kilichoipa aljebra jina, aliandika milinganyo yake kwa maneno matupu, na kilichotafutwa alikiita «kitu». Maneno yaliitangulia herufi. Yakipotoka, mlinganyo nao hupotoka.

Wala Kiswahili hakipungukiwi. «Katika kila lita 100 za mchanganyiko, lita 10 ni maji» ni maneno marefu zaidi, lakini hayana njia mbili. Mtungaji asiyekitaja kitu kizima hapimi hesabu ya mwanafunzi, bali hupima bahati yake.