Ustadi wa Kufunika na Kuacha

Dan Eldon aliuawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 akiwa na umri wa miaka 22. Waliuawa siku moja yeye, Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, na Mjerumani Hansi Krauss, wote wakiwa kazini kama wanahabari. Eldon, aliyezaliwa London na kukulia Nairobi, aliacha madaftari 17 yaliyovimba kwa vitu alivyobandika: picha alizopiga mwenyewe, ramani, vipande vya magazeti, michoro, wino na rangi. Mwaka 1997 baadhi ya kurasa hizo zilitoka katika kitabu The Journey Is the Destination.

Ukikifunua kitabu hicho mbiombio utaona vurugu tupu. Tulia nacho, na utaanza kuuona mkono wa fundi. Picha imepakwa rangi, lakini uso wa mtu haukuguswa. Maandishi yanazunguka pembeni na kukoma pale yanapotaka kuziba kitu muhimu. Kazi ya kuchanganya karatasi, rangi na picha katika daftari moja inadai maamuzi ya namna hiyo: nini kifunikwe, nini kiachwe, na kipi kitangulie.

Suala la kipi kitangulie halina mzaha, kwa sababu vifaa vyenyewe havielewani vyote. Chora mistari kwa mshumaa mweupe kisha pitisha rangi ya maji: nta huyakataa maji, na mistari ambayo haikuonekana hujitokeza. Lakini paka akriliki juu ya nta hiyohiyo na itabanduka, kwani haina pa kushika. Gundi nayo ina tabia zake. Ikizidi maji, karatasi nyepesi hunywea na kujikunja. Mwenye uzoefu hupaka tabaka jembamba, hubandika kuanzia katikati na kusukuma hewa kuelekea kingoni kwa kitambaa, hutia karatasi ya nailoni kati ya kurasa zisigandane, kisha hulaza vitabu vizito juu mpaka asubuhi.

Kwangu mimi, hatua inayopendeza kuliko zote ni ya kuhamisha picha. Unahitaji fotokopi au nakala iliyotoka kwenye printa ya leza. Ya printa ya wino wa maji itachuruzika. Ukurasa hupakwa jeli ya akriliki, fotokopi hulazwa kifudifudi, kisha kazi husimama. Jeli ikishakauka kabisa, mgongo wa karatasi hulowanishwa kwa sifongo, na ncha ya kidole huanza kusugua polepole kwa mizunguko midogo. Karatasi hutoka katika vijiviringo vyeupe, huku picha ikibaki imenaswa ndani ya jeli, kwa sababu wino wa leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto. Ukisugua kwa nguvu, unang'oa na picha. Ukiacha mapema, utando mweupe hubaki kama ukungu. Tena picha hutokea imegeuka, kwa hiyo mwenye kutaka maneno yasomeke huyapindua kabla ya kutoa nakala.

Uzuri wa kazi hii hautokani na wingi wa vitu. Mtu anaweza kujaza ukurasa kwa tiketi, stempu na vitambaa na bado usiseme neno. Ukurasa mzuri una mahali pa jicho kupumzika, na kilichofunikwa huachiwa upenyo kidogo ili msomaji ajue kuna jambo chini yake.

Gharama isikutishe. Daftari lenye jalada gumu, magazeti ya juzi, mshumaa, kalamu ya wino na uji mzito wa unga wa ngano badala ya gundi vinatosha kuanzia, mradi ukurasa ukauke vizuri, maana unga huvutia wadudu. Bandika, andika tarehe, usirarue ukurasa usiokupendeza. Ungoje ukauke, kisha upake tabaka jingine.