Shimo Jeusi Lenye Chaji na Amplitudo za Mtawanyiko: Uhakiki wa Dai

Sehemu hii inahakiki dai kwamba shimo jeusi lenye chaji, ambalo suluhisho lake lilitolewa na Reissner mwaka 1916 na Nordström mwaka 1918, hupatikana kutokana na amplitudo za mtawanyiko za nadharia ya kwanta. Mwaka 2002 Donoghue, Holstein na wenzao walionyesha kuwa mchoro wa Feynman wenye kitanzi kimoja, ambamo chembe nzito yenye chaji huambatana na fotoni, hutoa sehemu isiyo na namba thabiti ya Planck. Sehemu hiyo ndiyo inayoingiza mraba wa chaji katika metriki ya kiklasiki. Mchango huu ni mkubwa, kwani unapinga mazoea ya kuhesabu kila kitanzi kuwa sahihisho la kikwanta.

Hata hivyo, kilichopatikana ni uga wa nje tu. Nyota tuli ya umbo la tufe, yenye tungamo na chaji zilezile, ina uga wa nje uleule. Aidha, hesabu haibadiliki hata chaji inapozidi tungamo katika vizio vya jiometri, ilhali hapo upeo wa tukio haupo kabisa; elektroni ni mfano wa hali hiyo. Hakuna ngazi moja ya mfululizo inayotofautisha hali hizo mbili. Kwa hiyo, inafaa kusema kuwa amplitudo zimetoa uga wa Reissner na Nordström. Kuwapo kwa shimo lenyewe bado kunadai hoja nyingine.